Taa Inayocheza

Mafundi wa magari hawana haraka ya kusema kwamba kitu kimelegea. Kwanza husema kinacheza. Usukani unacheza, gurudumu linacheza, taa inacheza. Kulegea ni hali ya kitu chenyewe, kama kamba iliyopoteza mkazo wake. Kucheza ni mwenendo wa kitu mbele ya vingine: kinakwenda pasipostahili, kinarudi, kisha kinakwenda tena. Neno hili nalijua tangu utotoni, lakini sikupata kulitafakari mpaka taa ya mbele ya gari langu, ile ya upande wa kulia, ilipocheza kwa miezi mitano na mwisho wake ikamtia mtu mtaroni.

Chanzo kilikuwa kidogo. Nilikuwa nikitoka sokoni hapa Tanga, nikaugusa mkokoteni uliokuwa umesimama. Bampa halikupasuka, kioo cha taa hakikuvunjika, mwenye mkokoteni nilimwomba radhi akaipokea, tukaagana. Wiki ile ile nikaanza kusikia mlio kila nilipopita penye mashimo: tu-tu-tu, tu-tu-tu, kama mtu abishaye hodi kwa kidole kimoja.

Nilifungua boneti nikatazama. Taa ile imeshikwa kwa bolti mbili za juu ambazo huonekana mara tu boneti inapofunguliwa. Nilizijaribu kwa spana namba 10, zote mbili zilikuwa zimekaza. Basi nikahitimisha, kwa ujasiri wa mtu asiyejua, kwamba taa haijalegea, ina kelele tu. Nilikata kipande cha boksi la chaki, nikakikunja mara kadhaa, nikakishindilia kwa chini nyuma ya kasha la taa. Kelele ikakoma. Tena nikaona faida ya ziada: usiku mwanga wa upande ule ulikuwa ukifika mbali kuliko wa mwenzake. Nilijisifu. Nilimwambia hata mke wangu kwamba gari limepata jicho jipya.

Baada ya hapo madereva waliokutana nami usiku walianza kuniwashia na kunizimia taa zao kubwa. Niliwatukana kimoyomoyo. Taa zangu nilikuwa nimezishusha, sasa walitaka nini tena? Ilipita miezi mitano ya watu kunieleza kosa langu kwa lugha ya taa, nami nikiwafasiri kuwa ndio wenye makosa.

Usiku wenyewe nilikuwa nikitoka hitimani Muheza, baada ya isha, narudi Tanga. Barabara ile ina sehemu ambazo mkonge umeikumbatia pande zote mbili, na hapana taa nyingine ila ya gari lako na nyota. Mbele yangu upande wa pili niliona kitu kikiyumba, kikapotea. Sikusikia mgongano. Nilisimama, nikashuka na tochi ya simu, nikamkuta mzee ameketi mtaroni kando ya baiskeli, mzigo wake wa kuni umetawanyika, naye anayafikicha macho.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeumia?"

"Marahaba. Goti tu, mwanangu. Gurudumu ndilo lililopinda."

"Nisamehe sana. Wallahi sikukuona."

"Mimi nilikuona mno," akasema, bila hasira. "Taa yako moja inatazama njia. Nyingine inanitazama mimi."

Nilipakia baiskeli kwenye buti, ikabaki nusu nje, nikamrudisha mzee kwake, kijiji kisicho mbali na barabara. Njiani alinieleza kwamba mwanga ulimjia usoni ghafla, akadhani ni pikipiki imetoka katika mstari wake, akaikwepa. Kisha akacheka peke yake: "Na usiku kama huu, mwanga ukikujia usoni, hujui ni mwanga wa aina gani." Nilicheka naye kwa adabu. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka juu ya usukani. Mtaro ule haukuwa na kina. Hatua chache mbele kulikuwa na karavati la saruji.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa fundi, katika gereji iliyo chini ya mwembe. Nilimwambia anikazie taa. Hakugusa spana. Alifungua boneti, akaweka kiganja kimoja juu ya taa na kingine juu ya madigadi, akasukuma polepole, huku akinifundisha kama nilivyozoea mimi kufundisha wengine.

"Tazama, Mwalimu. Taa na madigadi vikicheza pamoja, ubovu ni wa bodi, pengine chuma cha mbele kinachoshika rejeta kimepinda au kimelika. Taa ikicheza peke yake, ubovu ni wa vishikio vyake. Kioo cha nje kikitulia lakini bakuli la ndani linalong'aa likatikisika, basi parafujo za kulielekeza zimeachia. Na vyote vikitulia, ila mwanga bado unatetemeka, tazama globu, haijakaa kwenye kitako chake."

Akasukuma taa kwa juu: kimya. Akaisukuma kwa chini: ikarudi ndani, na kitu kikasagika. Akaingiza vidole, akatoa boksi langu la chaki, limebonyea na kushika vumbi.

"Hili aliweka nani?"

Ningeweza kusema sijui. "Mimi," nikasema.

"Uliinyamazisha, Mwalimu. Hukuitibu."

Akanieleza. Kasha la taa limetengenezwa kwa plastiki, nalo lina masikio, ndivyo mafundi wanavyoviita vile vipande vyenye matundu vinavyopitisha bolti. Mawili yako juu, moja ubavuni, na moja chini, limefichwa na bampa. Mkokoteni ulikuwa umelivunja hilo la chini. Bolti za juu nilizozipima na kuziona nzima zilikuwa nzima kweli. Nilipima palipoonekana, nikatoa hukumu juu ya pasipoonekana.

Bampa likatolewa: vishikizo vya plastiki vya juu, parafujo za ndani ya nyumba ya gurudumu, kisha likavutwa kwa mbele kwa uangalifu ili waya zisikatike. Akachomoa soketi ya umeme, akafungua bolti, taa ikatoka nzima mikononi mwake kama mtoto anayezaliwa. Sikio la chini halikutoka nayo. Lilikuwa bado limekazwa kwa bolti yake kwenye bodi, imara kabisa, likishika hewa. Nilinyoosha mkono kulitupa, akanizuia. "Kipande hicho ndicho dawa," akasema. "Ukikitupa, utalazimika kukisia tundu lilikuwa wapi."

Nilipendekeza gundi. Aligeuza kasha akanionyesha nyuma, mahali palipochapwa herufi mbili ndogo, PP. Hiyo ni polipropilini, plastiki inayotumika sana kwa makasha ya taa na kwa mabampa. Gundi za kawaida hazishikamani nayo. Hukauka juu yake, na kwa mtikisiko wa kwanza hubanduka kama utando wa maziwa. Plastiki ya namna hiyo huungwa kwa moto. Alipasha chuma cha kulehemu, akalipanga sikio mahali pake ufa kwa ufa, akalishona kwanza kwa vipande vya pini za stepla akivididimiza kimoja kimoja katika plastiki iliyolainika. Kisha akakata vijiti vyembamba kutoka katika kasha la taa nyingine iliyokufa, lenye herufi zile zile mbili, akaviyeyusha juu ya mshono. Kitu huungwa kwa kitu cha jinsi yake, aliniambia. Hakuruhusu chuma kiwe cha moto kupita kiasi, kwa kuwa plastiki inayofuka moshi imeungua, na iliyoungua haina nguvu. Mwisho akaweka nyuma ya sikio kipande chembamba cha alumini, akakifunga kwa parafujo mbili ndogo. Hicho akakiita banzi.

Nilifurahi kulisikia neno hilo pale. Nililijua kwa waganga wa mifupa, wafungao banzi kwenye mguu uliovunjika. Kumbe gari nalo lina masikio, na masikio yakivunjika hufungwa banzi. Na nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu nikingoja plastiki ipoe, niliyahesabu maneno ya gereji ile. Gari lenyewe limetoka Uhindi kwa jina lake. Spana, bolti, nati, boneti na bampa ni wageni wa Kiingereza. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Msumari ni wa Waarabu. Lakini sikiliza vitenzi: kaza, legeza, fungua, shika, cheza, sukuma, vuta. Hivyo ni vyetu, vya Kibantu, vilivyokuwapo kabla gurudumu halijafika pwani hii. Vyombo vimekuja na majina yao, lakini kazi yote tunaifanya kwa vitenzi vya nyumbani.

Taa ilipopoa alizitia bolti zote nne kwa vidole kwanza, bila kukaza hata moja, akailinganisha taa na boneti na madigadi mpaka nafasi pande zote zikawa sawa. Ndipo akakaza, kidogo hapa, kidogo pale, akizunguka. "Ukikaza moja mpaka mwisho, nyingine zitavutwa upande," akasema. "Na plastiki usiikabe. Ikishika, inatosha." Alisukuma tena kwa juu na kwa chini. "Imeshika."

Hapo nilidhani kazi imekwisha. Hakukubali. Tulingoja magharibi, tukalisimamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa ghala jirani, upepo wa matairi ukiwa umepimwa na mimi nimeketi kwenye kiti cha dereva ili gari lilale kwa uzito wake wa kawaida. Alipima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini: sentimita 65. Akachora alama ukutani sentimita 10 chini ya hapo, yaani 55, kwa kuwa taa zilizoshushwa hutakiwa kuinama kiasi hicho kwa umbali huo, sehemu moja kwa kila sehemu 100. Akaizungusha parafujo iliyo nyuma ya taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukaketi juu ya alama: mnyoofu upande wa kulia, anakotokea mwenzako, na wenye kupanda kidogo upande wa kushoto, waliko waenda kwa miguu na vibao vya barabarani. Hivyo ndivyo taa za nchi ziendeshazo kushoto zinavyotengenezwa.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo ningewapa wanafunzi. Kutoka bolti za juu hadi sikio la chini ni kama sentimita 20. Karatasi yangu iliisukuma taa nje kwa chini kama sentimita 1. Kwa hiyo mwanga ulipanda sentimita 1 kwa kila sentimita 20 za safari yake: nusu mita nzima kwa umbali wa mita 10, na mita moja kwa umbali wa mita 20. Mahali ambapo ukingo wa mwanga ulistahili kuwa sentimita 45 kutoka ardhini, mimi niliupandisha hadi 145. Hicho ni kimo cha macho ya mzee aliyepanda baiskeli. Ile faida ya ziada niliyojisifia kwa mke wangu ilikuwa hiyo.

Sasa niwaambie ninyi wenzangu wa ukurasa huu kwa nini nimeyaandika haya hapa, wala si mahali pengine.

Miezi ile ile nilikuwa nikiandika shairi la mahafali ya shule, kusifu taa ya elimu. Mshororo wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Taa yangu inawaka, kweli hakika kabisa*

Hesabuni. Mizani 8 katika ukwapi, mizani 8 katika utao, jumla 16, kama inavyotakiwa. Hakuna atakayesikia kelele. Lakini tazameni utao: kweli, hakika, kabisa. Maneno matatu yanayosema jambo moja, na jambo lenyewe halipo. Ni boksi la chaki. Nilisikia pengo, nikalishindilia neno mpaka likanyamaza, nikaenda zangu. Na kama ilivyokuwa kwa gari, nilipima palipoonekana, yaani idadi ya silabi, nikatoa hukumu kwamba shairi limekaza.

Sitaki nieleweke kwamba natetea ukazaji tu. Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyozua mjadala mrefu juu ya vina na mizani, na hata leo tunabishana. Katika gereji nilijifunza kwamba si kila kinachosogea kimelegea. Bakuli la ndani ya taa limeumbwa lisogee. Lina parafujo zake, na bila kusogea kwake taa haiwezi kuelekezwa. Shairi huru lililo zuri husogea namna hiyo, kwa kukusudia, na hukaa pale lilipowekwa. Kinachocheza ni kile kinachosogea kwa sababu kimekosa kishikio, nacho kinaweza kupatikana ndani ya tarbia yenye mizani timilifu kama mshororo wangu, sawasawa na ndani ya shairi lisilo na kina hata kimoja.

Shairi la mahafali sikulimaliza. Niliufungua ule mshororo, nikabakisha ukwapi, kwa sababu ndio uliokuwa mzima, na utao nikautafuta upya kwa jambo la jinsi yake. Beti moja tu ndiyo iliyotoka:

*Taa yangu inawaka, wenzangu yawapofusha,*
*Njiani yatetemeka, shimo bila kuonyesha,*
*Mzee ameanguka, ni mwanga ulomwangusha,*
*Kwanza ipate kushika, kisha ndipo kuiwasha.*

Si beti kubwa, nami siileti kwa kujisifu. Lakini katika mshororo wa tatu niligundua maana ya kicheko cha yule mzee. Lugha yetu ina mwanga, nuru, na ina mwanga, mchawi aendaye usiku, ambaye wengi wake ni wanga. Masikio hayawatofautishi. Sarufi ndiyo inayowatenga: nikisema "ulomwangusha" ni nuru, nikisema "alomwangusha" ni mtu. Niliandika "u", nikafuta, nikaandika "a", nikafuta, nikarudisha "u". Bado sina hakika kwamba nilichagua kwa haki. Ule uliomwangusha ulikuwa nuru ya taa. Aliyemwangusha alikuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mzee na gurudumu jipya la baiskeli. Nilimkuta barazani, goti limefungwa kitambaa. Alikuwa amekwisha kulinyoosha lile lililopinda, kwa hiyo jipya akalitundika ukutani kama akiba. Nilimweleza habari ya karatasi, kwa kuwa nilimkosea kwa karatasi ile na hakuwa akijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu juu yake.

Giza lilipoingia nikaaga. Akainuka na fimbo yake, akatembea mbele ya gari hatua zipatazo ishirini, akageuka, akasimama katikati ya njia.

"Washa," akasema.

Niliwasha. Mwanga ulimfika magotini, kwenye kile kitambaa, haukupanda zaidi. Uso wake ulibaki gizani. Alisimama hivyo kwa muda, kisha nikaisikia sauti yake.

"Sasa inatazama njia. Nenda salama, mwanangu."